Furu ndani ya tangi la kioo: Namna ya kuwatambua na kuwatunza

FURU, samaki wadogo wa Ziwa Victoria ambao wakazi wengi wa Mwanza huwaona wakiwa wamechanganyika na dagaa, ni miongoni mwa samaki wa mapambo wanaothaminiwa sana na wafugaji wa Ulaya na Marekani. Huko wamefugwa kwa miongo kadhaa ndani ya matangi ya kioo kwa sababu ya rangi zao nyekundu, za manjano na za buluu.

Mkazi wa Buswelu, yaliko makao makuu ya Manispaa ya Ilemela, ana nafasi nzuri kuliko mfugaji wa Leiden au Boston. Ziwa liko kilomita chache tu, hali ya hewa ni ileile waliyoizoea samaki hao, na mawe ya kupambia tangi yamejaa kila mlima. Hahitaji kununua mashine ya kupasha maji joto.

Hata hivyo, kuwafuga furu bila kuwatambua ni kazi isiyo na faida, na wakati mwingine ni hasara. Tangi lililochanganya furu wa aina mbalimbali huweza kuzaa machotara ndani ya kizazi kimoja, na aina iliyochukua maelfu ya miaka kujitenga ziwani ikapotea humo bila mwenye tangi kufahamu. Ndiyo maana utambuzi hutangulia utunzaji.

Furu ni samaki gani?

Furu ni wa ukoo mmoja na sato. Wajaluo huwaita fulu na Waganda huwaita enkejje. Wataalamu huwaweka katika kundi la Haplochromis na jamaa zake, na hukadiria kuwa Ziwa Victoria lilikuwa na spishi zipatazo 500 za kundi hilo, nyingi zikiwa hazipatikani kwingineko duniani.

Ushahidi wa matope ya chini ya ziwa unaonyesha kuwa Ziwa Victoria lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita kabla ya kujaa tena. Hivyo wingi huo wa spishi ulitokea kwa muda mfupi mno kwa kipimo cha historia ya viumbe.

Utafiti wa kina ulianza Mwanza mwaka 1977, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, kwa kushirikiana na wenzao wa Tanzania, walipoanza kuwachunguza furu wa Ghuba ya Mwanza. Waliwapanga kwa chakula chao: walao mwani, walao wadudu, wavunja konokono, wachuja vijidudu vya majini, walao samaki wenzao, hata wale wanaoishi kwa kunyonya mayai na vifaranga kutoka vinywani mwa majike wengine.

Somo la sangara

Sangara aliingizwa katika Ziwa Victoria kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa miaka mingi alionekana kwa nadra upande wa Mwanza, lakini katika miaka ya 1980 aliongezeka kwa kasi. Kabla ya mwongo huo kwisha, furu wa maji ya kina katika Ghuba ya Mwanza walikuwa karibu wametoweka katika nyavu za watafiti.

Sangara hakuwa adui pekee. Mbolea, udongo na majitaka yanayoingia ziwani yalistawisha mwani, maji yakawa na ukungu, na hewa ya oksijeni ikapungua kwenye kina. Inakadiriwa kuwa spishi zipatazo 200 zilipotea au zilipungua mno.

Wakati huo ndipo tangi la kioo lilipopata maana mpya. Furu waliosafirishwa wakiwa hai kwenda Leiden, na wengine waliofikishwa katika taasisi za Marekani ikiwemo New England Aquarium ya Boston, waliendelea kuzaliana. Haplochromis perrieri na Haplochromis ishmaeli ni miongoni mwa spishi zilizoendelezwa matangini wakati haziwezi tena kupatikana kirahisi ziwani.

Tangu miaka ya 1990 baadhi ya furu wamerejea. Anayejulikana zaidi ni Haplochromis pyrrhocephalus, mchuja vijidudu vya majini, ambaye watafiti walimkuta akiwa na matamvua makubwa kuliko aliyokuwa nayo awali, ishara ya kukabiliana na maji yenye oksijeni haba. Wengine hawajaonekana tena.

Hatua ya kwanza: Je, ni furu?

Kosa la kawaida ni kumchukua kifaranga wa sato kwa kudhani ni furu. Sato akikua hujaza tangi na huwasumbua wenzake. Kifaranga wa sato huwa na doa jeusi kwenye sehemu ya nyuma ya pezi la mgongoni, na anapokua mkia wake hupata mistari myembamba iliyosimama.

Furu dume ana alama tofauti. Kwenye pezi la chini, karibu na tundu la haja, ana madoa ya mviringo ya manjano au rangi ya machungwa yanayofanana na mayai. Wengi wa furu hawazidi urefu wa sentimita 15, isipokuwa baadhi ya walao samaki.

Hatua ya pili: Kinywa na kichwa

Kinywa hueleza chakula. Furu mla mwani wa mwambani, kama wale wa jenasi ya Neochromis, ana uso mfupi ulioinama kwa ghafla, kinywa kipana na meno madogo mengi yaliyopangwa safu kwa safu kama msasa.

Mla samaki ana mwili mrefu, taya refu na kinywa kinachopanuka. Mvunja konokono ana kichwa kizito, kwani ndani ya koo lake mna taya la pili lenye meno butu ya kusagia magamba. Mchuja vijidudu vya majini huwa mwembamba na mwepesi, kwa umbo akimkaribia dagaa.

Mfugaji akikosea hapa, atakosea pia katika chakula. Kumweka mla samaki pamoja na wachuja vijidudu ni kumwandalia karamu.

Hatua ya tatu: Mistari, rangi na mahali

Mistari iliyosimama, mistari ya ulalo na madoa ya ubavuni husaidia kupunguza orodha, kisha rangi ya dume huikamilisha. Rangi hiyo huonekana vizuri dume anapotulia na kumiliki eneo lake. Dume aliyetoka kuvuliwa, aliyeonewa au mgonjwa huwa na rangi iliyofifia kama jike, hivyo asihukumiwe siku ya kwanza.

Majike ndio mtihani mkubwa. Wengi wao ni wa rangi ya kijivu, ya mchanga au ya manjano hafifu, na majike wa spishi mbili wanaweza kufanana kiasi cha kumshinda hata mtaalamu. Kwa sababu hiyo, jina la mahali alipovuliwa samaki lina uzito sawa na rangi yake.

Kila kundi linaloingia nyumbani liandikiwe kwenye daftari: kisiwa au ufuko lilikovuliwa, kina cha maji, kama chini palikuwa na mawe, mchanga au matope, na tarehe. Samaki asiye na maelezo hayo ni pambo tu. Hawezi kutumika kuhifadhi spishi yoyote.

Mfano wa pundamilia wawili

Mfano ulio wazi zaidi unatoka katika visiwa vya mawe vya Mwanza. Mwaka 1985, mwaka ambao Mwalimu Julius Nyerere aling'atuka katika urais, watafiti walimpa furu mmoja jina la Haplochromis nyererei kwa heshima yake. Baadaye aliwekwa katika jenasi iliyopewa jina la Kiswahili, Pundamilia, kutokana na mistari yake iliyosimama.

Dume wa Pundamilia nyererei ana mgongo mwekundu, ubavu wa manjano wenye mistari myeusi, na tumbo jeusi. Jamaa yake wa karibu, Pundamilia pundamilia, ana dume mwenye rangi ya buluu ya kijivu na mistari myeusi. Majike wa spishi hizo mbili hufanana mno.

Katika Kisiwa cha Makobe, kwenye Ghuba ya Speke, ambako maji ni angavu zaidi, spishi hizo huishi jirani bila kuchanganyika. Mwekundu hukaa kina kirefu zaidi na wa buluu hukaa juu. Katika visiwa vya ndani ya Ghuba ya Mwanza, ambako maji yana ukungu mwingi, mpaka huo hulegea na samaki wa rangi za katikati huonekana.

Sababu ilithibitishwa ndani ya matangi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, Ole Seehausen na wenzake walieleza kuwa jike humchagua dume kwa rangi. Chini ya mwanga wa kawaida jike alimfuata dume wa spishi yake, lakini chini ya mwanga wa rangi ya machungwa uliofuta tofauti za rangi, uchaguzi huo ulipotea.

Mafunzo kwa mfugaji ni mawili. Kwanza, spishi mbili zilizo na undugu wa karibu zisiwekwe tangi moja, hata kama ziwani huishi pamoja. Pili, taa iwe nyeupe na maji yawe maangavu, kwa sababu tangi lenye taa ya rangi au maji ya kijani huwanyima samaki uwezo wa kuchaguana.

Kuandaa tangi

Kwa kundi la furu wa kawaida, tangi lisipungue lita 200. Tangi lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 40 na kimo cha 50 huchukua lita 240, na linahitaji kioo cha unene wa milimita 10 chenye mikanda ya juu. Likiwa na maji, mawe na mchanga, uzito wake huzidi kilo 300. Hivyo meza ya kawaida haifai. Panahitajika fremu ya chuma au msingi wa matofali.

Tangi lisiwekwe penye jua la moja kwa moja. Jua hustawisha mwani na kupandisha joto, ilhali furu hustawi kwenye nyuzijoto 24 hadi 27.

Mawe ya Mwanza ni ya matale, na hayabadilishi tabia ya maji. Yasuguliwe, yachemshwe au yamwagiwe maji moto, kisha yapangwe yakigusa sakafu ya tangi kabla ya mchanga kumwagwa, ili samaki wanaochimba wasiyaangushe. Mapango yawe mengi ili majike na madume wanyonge wapate pa kujificha.

Matumbawe na makombe ya pwani yasitumike. Huongeza chokaa kwenye maji, na matumbawe magumu yenyewe ni viumbe ambao biashara yao inadhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa.

Maji ya bomba, ya kisima na ya ziwani

Maji ya bomba yana klorini inayoua samaki na bakteria wenye manufaa. Yawekwe kwenye ndoo au pipa lililo wazi kwa siku moja hadi mbili, ikiwezekana pampu ya hewa ikiwa inafanya kazi ndani yake, kabla ya kutumika.

Maji ya kisima nayo yapigwe hewa kwa siku mbili, na yakiwa na harufu ya chuma au utando wa rangi ya kutu yachujwe kwanza. Maji ya mvua pekee hayana madini ya kutosha, hivyo yachanganywe na mengine.

Maji ya ziwani huonekana ndiyo chaguo la asili, lakini yana hatari kwa mwenye nyumba. Kanda ya Ziwa ina maambukizi makubwa ya kichocho, na konokono wanaokieneza hujificha kwenye mimea ya ufukweni. Asiyejikinga anaweza kuambukizwa anapochota maji hayo au anapotumbukiza mkono tangini. Mimea ya kutoka ziwani isiingizwe, na magugu maji yasifugwe kabisa.

Wiki sita za subira

Tangi jipya halipaswi kujazwa samaki siku linapojengwa. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao huishi kwenye sponji ya chujio na juu ya mawe, na huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha.

Njia ya haraka ni kupata sponji iliyotumika kutoka kwenye tangi la mtu mwingine lenye samaki wenye afya. Asiye nayo aanze na samaki wawili au watatu wagumu, awalishe kidogo sana, na abadili maji mara kwa mara hadi mwezi upite. Vipimo vya matone vikipatikana, amonia na nitriti zote zisome sifuri kabla ya kuongeza samaki.

Baada ya hapo robo ya maji ibadilishwe kila wiki. Sponji isioshwe kwa maji ya bomba, bali kwa maji yaliyotolewa tangini, ili bakteria wasife.

Chakula

Walao mwani walishwe chakula chenye asili ya mimea, kama mwani uliokaushwa wa spirulina au mchicha uliochemshwa. Walao wadudu na samaki hupenda dagaa waliokaushwa na kusagwa, mabuu ya mbu na minyoo. Mvunja konokono apewe konokono waliozalishwa nyumbani kwenye chombo safi, kamwe si wa ufukweni.

Nyama ya ng'ombe, mkate na ugali visitumike. Mafuta ya wanyama na wanga huvimbisha matumbo ya furu, na uvimbe huo huua kwa siku chache. Kiasi kinachofaa ni kile kinachomalizika ndani ya dakika mbili au tatu, mara mbili kwa siku.

Ugomvi na kuzaliana

Madume wa furu ni wagomvi. Uwiano unaoshauriwa ni dume mmoja kwa majike wanne au zaidi, ili jike mmoja asifukuzwe peke yake. Madume wawili katika tangi dogo mara nyingi huishia kubaki mmoja.

Jike hutaga na mara hiyo huyakusanya mayai kinywani. Anapojaribu kuyakusanya na yale madoa ya kwenye pezi la dume, hupokea mbegu na mayai hurutubishwa humohumo. Huyabeba kwa wiki mbili hadi tatu bila kula au akila kidogo, akitambulika kwa koo lililotuna. Ahamishwe taratibu kwenye tangi dogo tulivu, asishtuliwe asije akayatema.

Watoto wa majike kadhaa wa mahali pamoja ni msingi bora kuliko watoto wa jike mmoja, ambao baada ya vizazi vichache huzaliana wenyewe kwa wenyewe na kudhoofika. Wafugaji wawili wenye samaki wa kisiwa kimoja wanaweza kubadilishana. Wenye samaki wa visiwa tofauti wasichanganye, hata kama jina la spishi ni moja.

Umeme unapokatika

Umeme ukikatika, samaki hawafi kwa baridi, bali kwa kukosa hewa. Dalili ni kupumua kwa haraka juu ya maji. Pampu ndogo ya betri ni kinga ya bei nafuu. Isipokuwapo, maji yachotwe kwa jagi na kumwagwa kutoka juu kila baada ya muda mfupi, na samaki wasilishwe hadi umeme urejee.

Chujio likizimika kwa saa nyingi, lioshwe kwa maji ya tangi kabla ya kuwashwa, kwa kuwa bakteria waliokufa ndani yake huweza kumwaga sumu tangini.

Sheria na mwiko mmoja

Shughuli za uvuvi nchini huongozwa na Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake. Anayetaka kuvua, kuuza au kusafirisha samaki hai wa mapambo aanze kwa Afisa Uvuvi wa manispaa yake. Kokoro, sumu na baruti ni marufuku, na uvuvi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, iliyotangazwa mwaka 2013, hauruhusiwi.

Mwiko unaobaki ni kurudisha samaki wa tangini ziwani. Mfugaji anayechoka huona huruma kuwaachia ufukweni, lakini machotara na magonjwa ya tangi moja yanaweza kuharibu furu wa kisiwa kizima. Samaki waliozidi wapewe mfugaji mwingine pamoja na nakala ya ukurasa wao wa daftari.